Kilo Kumi na Nne za Mwalimu Sabra

Mtu akipanda bodaboda akiwa ameshika upinde unaomzidi kimo, kila aliye barabarani huwa na la kusema. Mwalimu Sabra Daimu alishayasikia yote. Kutoka chumba chake cha kupanga Mfaranyaki, mjini Songea, hadi uwanja wa kulengea shabaha, aliulizwa kama anakwenda kuwinda, aliombwa dawa ya mapenzi, na siku moja ncha ya upinde ilinasa mwavuli wa muuza vocha ikaondoka nao hatua ishirini kabla dereva hajasikia kelele. Kwenye basi la Tunduru ndiko alikopata nafuu. Abiria mwenzake aliutazama ule upinde, akamtazama yeye, akahamia kiti cha nyuma kimya kimya. Alidhani amekaa na mganga. Sabra akanyoosha miguu mpaka Namtumbo.

Upinde wenyewe ulikuwa wa kuazima, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baba yake, Mzee Daimu, alijaliwa mabinti watano na shamba la mpunga bondeni, na ngedere hawaulizi kama mwenye shamba ana mtoto wa kiume. Sabra alipotimiza miaka tisa, baba alimkatia upinde wa mti wa mkole akamwambia, "Usimlenge alipo. Lenga anapokwenda." Misimu mitatu hakuna ngedere aliyelala na shibe katika shamba lile. Kisha akachezwa unyago, na alipotolewa ndani aliukuta upinde wake umepandishwa darini. Hakuna aliyemgombeza, ila hakuna aliyeushusha tena. Yakafuata masomo, chuo cha ualimu, kazi ya kufundisha Songea, ndoa na Abdul aliyeendesha lori la mahindi, na miaka kumi na minne baadaye kifo cha Abdul, cha homa ya siku tatu.

Alipomaliza eda alikuwa mtu wa kwenda shule na kurudi. Jioni moja akapita pembeni mwa uwanja ambako walimu na watumishi waliohamia kutoka mikoa mingine hukutana Jumamosi kulenga magunia yaliyoshindiliwa pumba. Akasimama kuangalia. Jumamosi ya pili akasimama tena. Ya tatu, bwana mmoja wa misitu, mrefu kama nguzo ya umeme, akampa upinde wake na kusema, "Jaribu, mwalimu, usituhesabie makosa tu." Mkono wa Sabra ukakumbuka kabla ya kichwa chake. Mshale ukaingia guniani ukabaki unatetemeka, naye akacheka kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili.

Tangu siku hiyo aliishi akingoja Jumamosi. Lakini upinde wa bwana misitu ulitengenezwa kwa kifua cha bwana misitu, na mwezi wa tano bega la kulia la Sabra likavimba. Daktari alilibonyeza, akaandika dawa, akasema bila kuinua uso, "Likichanika tena, mama, hiyo michezo utabaki kuisimulia." Sabra alirudi nyumbani akalikanda bega kwa maji ya moto wiki sita. Hakuogopa maumivu. Aliogopa kurudi kuwa mtu wa kwenda shule na kurudi.

Ndipo akaamua kwenda kwa Fundi Romanus, mtaa wa Bombambili, apate upinde wake mwenyewe.

Romanus alikuwa seremala wa vitanda na milango. Pinde zilimwingia kwa bahati: aliwahi kuletewa upinde wa kigeni uliovunjika, wa ile aina inayofunguliwa vipande vitatu, kishikio katikati na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu. Aliuchunguza siku nne, akaurudisha umepona, na baada ya miezi miwili akatoa wa kwake: kishikio cha mninga, mabawa ya mianzi iliyochanwa nyembamba na kugandishwa tabaka kwa tabaka. Ulifunguka ukaingia kwenye begi la shule. Sabra alipouona mara ya kwanza aliukumbuka mwavuli wa yule muuza vocha.

Ila Romanus alikuwa Mngoni na Sabra Myao, yaani walikuwa watani, na kati ya watani hakuna salamu iliyonyooka.

"Mateka wangu huyo!" Romanus alipaza sauti alipomwona mlangoni. "Nani kakufungua kamba?"

"Mkimbizi we!" Sabra akajibu. "Mmetembea kwa miguu toka Afrika Kusini mnakimbia vita, mmechoka hapa Songea, mnasema mmeteka. Umemteka nani?"

"Babu yako. Tulimkuta juu ya mkorosho."

Noela, mke wa Romanus, alitoka ndani akifuta mikono. "Karibu, dada Sabra. Mwache huyo, leo hajatukana mtu tangu asubuhi, ana kiu."

Kazi ya kuchagua ilianza na mkono. Romanus hakupima kishikio kwa rula. Alimpa Sabra bonge la udongo wa kichuguu uliokandwa, akamwambia alishike kama anavyoshika upinde, asilikamue. Vidole vikaacha alama. Bonge likaanikwa kivulini, na kwa alama hizo akachonga mninga siku tano, Sabra akipita kila akitoka shule kuupima kiganjani. "Hapa panabana." Panapigwa msasa. "Sasa panalegea." "Mkono wa Kiyao huo," Romanus akajibu, "umezoea kupokea." Siku ya sita kishikio kilikaa kiganjani kama kilichoota pale. Sabra alikifumbata, akakiinua usawa wa jicho. Noela aliona macho yake, akaenda kutafuta jambo la kufanya jikoni.

Yakabaki mabawa. Romanus aliyaweka juu ya benchi jozi mbili. Kila jozi aliifunga kwenye kishikio, akautundika upinde kwenye mizani ya ndoana, ile ya kupimia magunia ya korosho, na kuvuta kamba mpaka alama ya urefu wa mkono wa Sabra. Jozi ya kwanza ilisoma kilo kumi na nne. Ya pili, ishirini.

"Chukua hii ya kumi na nne," alisema Romanus. "Ile ya ishirini italivunja hilo bega ulilonisimulia."

Sasa, Sabra alikuwa na hesabu yake kuhusu mtani huyu, na kwa miaka miwili ilikuwa haijamkosesha. Neno la Romanus alikuwa akilipindua. Alipoambiwa kabati lake limeliwa na mchwa, lilikuwa zima. Alipoambiwa mlango utakamilika keshokutwa bila shaka, aliupata mwezi uliofuata. Aliposikia kumi na nne, aliona meno ya mtani nyuma ya maneno.

"Kumi na nne ya watoto," akasema. "Unataka Jumamosi wanicheke, useme Wayao hawana nguvu."

"Nakwambia kweli."

"Wewe? Kweli?" Sabra alicheka mpaka akaegemea benchi. Akauchukua ule wa ishirini, akauvuta mara moja, ukaja vizuri. Akauachia polepole. "Umeona? Nifungie hii."

Romanus aliisukuma jozi ya kumi na nne chini ya benchi. Akamfungia.

Jumamosi mshale wa kwanza uliruka kama swala. Wa pili, wa tatu. Bwana misitu akapiga makofi. Mshale wa nane, bega likashika moto. Moto huo haukuwa ule mbaya wa mwezi wa tano, lakini ulikuwa ndugu yake, na Sabra aliutambua. Akauweka upinde chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Wenzake wakaendelea kulenga na kutaniana, yeye akakaa kwenye nyasi, amelishika bega, akihesabu ni Jumamosi ngapi zimesalia maishani mwake na atazifanyia nini.

Jumatatu alikwenda Bombambili akiwa tayari kwa matusi. Njia nzima aliyatunga kabla ya fundi mwenyewe kuyasema, ili yasimuume.

Romanus alimwona amelishika bega, akaweka randa chini.

"Karibu, Mwalimu Sabra," akasema. "Pole. Bega linaendeleaje?"

Sabra aliingiwa na hofu. Mtani anayekwita kwa cheo na kukupa pole ni mtani aliyekuja kuchimba kaburi. "Fundi, mbona hivyo? Nitukane basi."

"Sitanii na bega la mtu."

"Lakini siku ile..."

"Siku ile pia sikutania! Nilisema kweli, ukacheka. Nifanyeje? Ningesema chukua ya ishirini, ungechukua kumi na nne, na mimi ningekuwa nimesema uongo kwenye kazi yangu. Utani una mipaka, Mwalimu. Kabati, sawa. Mlango, sawa. Kipimo sidanganyi."

"Alikuja ndani siku hiyo hakula," Noela alidakia kutoka kizingitini. "Nikamwambia, miaka yote unamwaga uongo kama maji ya kunawa, leo umetaka kuaminiwa bila taarifa?"

Sabra alitazama chini. "Kwa hiyo nimeharibu."

"Umeharibu nini? Kishikio kipo, ni mkono wako. Si ndiyo maana ya upinde wa kufungua?" Romanus akatoa chini ya benchi jozi ya kumi na nne, ikiwa imepakwa vanishi mpya, na kwenye kila bawa jina SABRA limechomwa kwa msumari wa moto. "Sikuiuza. Nilijua utarudi. Sikujua tu kama utarudi mzima."

Sabra aliyapapasa yale maandishi kwa kidole. Akalegeza skrubu mwenyewe, akatoa mabawa ya ishirini, akafunga ya kumi na nne, akavuta. Upinde ukaja bila kubishana. Bega likakaa kimya.

"Alhamdulillahi," akasema.

"Usinishukuru mimi, mshukuru Noela. Mimi nilitaka nikuache uvunjike, tupunguze Wayao."

"Wallahi huyu mtu!" Sabra akalia na kucheka kwa pamoja, na Noela akacheka zaidi ya wote, na fundi jirani wa baiskeli akachungulia kuuliza kuna nini.

Wiki mbili alipumzisha bega. Kisha, Jumamosi, alishuka kwenye bodaboda na begi mgongoni kama mwanafunzi, akafunga upinde wake mbele ya watu, skrubu moja, skrubu mbili, kamba. Mishale yake haikuruka kwa kishindo kama ile ya kilo ishirini. Iliinuka kidogo, ikashuka, ikaingia. Kumi. Ishirini. Ulipofika mshale wa thelathini jua lilikuwa limelala upande, wenzake wakaanza kukusanya magunia na bwana misitu akawasha pikipiki yake.

"Mwalimu, tumemaliza! Twende!"

"Nendeni," Sabra aliita, akichukua mshale mwingine. "Hilo gunia moja liacheni. Mimi bado."