Mama Alikuwa Anangoja Congé ya Bokilo Yake

Mutoto yangu, nimezeeka, lakini kungoja inanikasirisha mupaka leo. Nikuambie sababu.

Kuna asubuhi moja haitoki kwangu kichwani. Ilikuwa miaka kidogo mbele ya uhuru, kwetu kwa bavuvi, karibu na maporomoko. Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, nilijiona mutu mukubwa. Mambo yote ya siku nilikuwa naandika ndani ya kaye yangu. Mama alikuwa anapanga samaki juu ya moshi. Akataka kunyanyua kitunga, akashindwa. Nikamuuliza iko nini. Akatazama kwanza kama hakuna mutu, halafu akasema pole pole: «Iko kitu ndani ya titi, nguvu kama jiwe ndogo. Haiumi. Usimuambie mutu.»

Nikasema twende dispansere. Akacheka.

«Kwa Antoine? Nivue blouse mbele ya Antoine?»

Uelewe vizuri. Antoine alikuwa bwana ya dada yangu, na ndiye alikuwa infirmier, muuguzi ya dispansere ya mutaa yetu. Kwetu, mama na bokilo yake, ule aliyeoa binti yake, banaheshimiana sana: hata kula pamoja hapana, hata kupita karibu njiani hapana. Na bila karatasi ya Antoine, lopitalo kubwa haikukupokea. Donc mama akaamua: mvua ikiisha Antoine ataenda congé, apumzike kazi, infirmier mwingine atakuja, hapo ndipo atajionyesha. Na mimi, niliyesoma, nikakubali. Nikaandika ndani ya kaye: «Tunangoja congé ya Antoine.» Niliona ni akili.

Congé ikasogezwa. Mvua ikaisha, ikarudi. Ile jiwe ikakua, ngozi ikaanza kuvutika ndani. Kila juma niliandika maneno makali juu ya ugonjwa, juu ya Babeleji, juu ya mvua. Mimi mwenyewe sikutoka hata hatua moja.

Aliyenikamata ni mama mukubwa, dada ya mama. Alifika kutoka Bengamisa na mihogo yake, akaona mama anavaa kwa mukono moja tu. Akaniita nyuma ya nyumba, nikamuambia yote.

«Albert, Antoine iko bokilo ya nani?»

«Ya mama.»

«Na weye?»

«Mimi iko shemeji yake tu.»

«Unacheza naye karata?»

«Ndiyo.»

«Lotoko, munakunywa pamoja?»

«Kidogo.»

«Alors kinywa yako inajua lotoko. Habari ya mama yako ndiyo inaishinda.»

 Nikaenda pale pale. Antoine alikuwa anafunga dispansere. Nilipomuambia, akakaa juu ya benchi ya bagonjwa.

«Miezi ngapi?» akauliza.

Nikamuambia.

«Shemeji, mimi sikuwa na lazima ya kuona. Kusikia ingetosha. Ningeandika karatasi siku ile ile, na kule lopitalo masera, mutawa mwanamuke, angemutazama.»

Akaandika. 

Nikamupeleka mama lopitalo; kule, masera akamutazama nyuma ya pazia. Munganga akakata kipande ndogo ya nyama, bakaituma Léopoldville na mashua, batazame kama ni kansere. Nikasema safari hii singoji nyumbani. Kila asubuhi nilisimama mbele ya dirisha ya lopitalo, mupaka karani akanipa jina.

«Bwana Jibu, mashua haijafika.»

«Nitarudi kesho.»

«Najua utarudi. Mungu anisaidie.»

Jibu ikafika: ni kansere. Nikauliza pale pale, munganga atamukata lini. Karani akasema juma ingine. Nikamuomba aulize kama hakuna nafasi ya mapema. Akanitazama, akaenda. Kulikuwa nafasi kesho kutwa. Mugonjwa mumoja hakuja.

Walikata titi yote. Munganga aliniambia bila kuzunguka: jiwe ingemufikia ingali ndogo, tumaini ingekuwa kubwa zaidi. Mama aliishi miaka tatu. Aliniona nikioa. Mutoto yangu wa kwanza hakumuona. Ile miezi tuliyongojea congé, sijui ingemupa miaka ngapi. Hakuna mutu anaweza kuniambia.

Bon, sikia. Ukiona kitu nguvu ndani ya mwili, yako ao ya mutu yako, sema siku ile ile. Kama haya inamufunga mugonjwa, weye umusemee, hata kama alikukataza. Heshima ya bokilo ni kitu nzuri, usiivunje; tafuta tu mutu asiyefungwa nayo, na umutafute leo. Na ukishamufikisha lopitalo usilale: uliza karatasi iko kwa nani, jibu inatoka lini, nani hakuja leo. Bakikuchoka, basalimie vizuri, halafu kesho urudi.

Mungu akubariki, weye na nyumba yako. Wale unaopenda bafike kwa munganga mapema, bapone, bazeeke, bakusumbue miaka mingi.