Uzi wa Kumshushia Mama

Tangu kiharusi kimpoozeshe upande wa kushoto, mama mkwe hakuwa amekanyaga chini tena. Waliishi ghorofa ya tatu, na ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba, zenye kona kali. Mke wa mwanawe, ambaye majirani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, ndiye aliyemlisha, kumgeuza na kumwogesha. Mume alikuwa dereva wa lori: alikuja, akalala, akaondoka. Fundi akitaka kwenda dukani, alifunga mlango kwa nje, akashuka mbio roho ikiwa juu, akarudi akihema.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa na nyumba ya chini yenye ua. Kila akipigiwa simu alisema angemchukua mama yake hata leo, lakini ngazi je? Atashukaje? Fundi alilisikia swali hilo mpaka likamchosha. Kiti cha magurudumu hakikupita kwenye kona, na akibebwa mgongoni mama alilia kwa maumivu.

Ndipo akaamua kushona kitambaa kipana cha kumbebea, chenye mishikio pande zote. Turubai alikuwa nalo. Uzi akatumia ule uliokuwa kwenye cherehani, wa pamba, wa kushonea magauni. Akamwita jirani mchomeleaji wajaribu kwa ndoo za maji. Walipoinua tu, mshono ukaachia na maji yakatiririka hadi ngazini. Mchomeleaji alicheka. Fundi hakuweza, aliona jinsi mama mkwe angeanguka.

Kesho yake alikwenda kwa muuza nyuzi. Akaonyeshwa nailoni inayong'aa, akaambiwa hakuna inayoishinda kwa nguvu. Akaifunga fundo, likateleza, likafunguka lenyewe. Tena ilikuwa nyembamba na ngumu, akahofia ingekata turubai kidogo kidogo kama waya unavyokata sabuni. Akairudisha. Akachukua uzi wa polista, mnene, usio na mng'ao, ule wa kushonea mabegi. Akauzungusha vidoleni, akavuta kwa nguvu zake zote. Haukukatika, ila ulimwachia alama nyekundu. Akaongeza na sindano nene, maana ya kawaida isingeupitisha.

Alishonea kando ya kitanda. Mama mkwe aliifuata sindano kwa macho.

"Hicho ni cha kunishusha?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Niende kwa binti yangu."

Fundi akasimamisha cherehani. Alitaka kusema ni cha kumpeleka kuota jua tu, lakini uongo ulimkwama.

"Nimechoka, Mama."

"Najua. Na mimi nimeichoka hii dari." Akavuta pumzi. "Rudia huo mshono, mwanangu. Mimi si mwepesi."

Akaurudia, kisha akaurudia tena.

Siku mume aliporudi safari, yeye na mchomeleaji walishika upande wa kichwa, Fundi na jirani mwingine miguuni. Kila kona Fundi aliikodolea macho mishono, hakuona hata ngazi alizokanyaga. Chini, wifi alikuwa amesimama kando ya teksi. Akamfungulia mama yake mlango.

Fundi alipanda peke yake. Saa ya kumgeuza mama ilipofika, alijikuta ameshanyanyuka kitini. Akakaa tena. Jioni wifi akapiga simu: mama amegoma kula, anamtaka Fundi.

"Mlishe upande wa kulia, wifi," alisema. "Kijiko kidogo. Usimharakishe."

"Huji?"

"Leo siji."

Akaweka simu mezani. Giza lilimkuta palepale, mikono magotini, akishindana na miguu yake mwenyewe isielekee mlangoni.