Makofi ya Basini

Kwenye basi la kwenda Hyattsville, huku Marekani, bwana mmoja mwenye sare ya ghala alikuwa akiichapa kwa kidole picha ya mchezaji mkongwe wa besiboli gazetini.

"Huyu wanamsifu bure," alimwambia mkewe. "Anagusa tu mpira, anakimbia hatua chache. Kuupiga utoke nje ya uwanja, hawezi!"

"Lakini si anaugusa kila siku, baba?"

"Na mimi kazini si nafika kila siku? Miaka tisa! Nani ashawahi kunipigia makofi?"

Mkewe akaweka mkoba chini, akampigia makofi kwa nguvu mpaka abiria tukageuka. Bwana akajificha nyuma ya gazeti, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mchezaji sina neno naye. Ninayemwonea wivu ni huyu wa ghala.