Boksi Mbele ya Rejeta

Juzi nilikuwa gereji moja ya Ipogolo, kando ya barabara itokayo Mbeya, pikapu kuukuu ilipoingia ikifuka mvuke. Mzee aliyeiendesha alishuka kajishika kichwa.

"Fundi, tangu Mbeya inachemsha, kila mlima nasimama. Injini imekufa, eti?"

Fundi alisubiri ipoe, akachungulia mbele ya rejeta, akachomoa boksi la sabuni lililokunjwa. "Mzee wangu, hili nani kaweka?"

Mzee akavua kofia taratibu. "Mimi. Asubuhi kule Soweto ya Mbeya baridi kali, nikaiziba upepo ipate joto haraka. Nikasahau kulitoa."

Fundi akajaza maji, akawasha, akasikiliza. "Injini ni nzima, mzee."

Mzee alimshika mikono yote miwili, akacheka hadi machozi. Gereji nzima tukacheka. Kisha nikaenda kimyakimya kufungua boneti ya gari langu. Na mimi nilikuwa nimelala Mbeya, na asubuhi nikaziba rejeta kwa boksi.