Geti Lililokwama Juu

Iko siku moja naikumbuka sana, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule na Masanja, dereva wa lori. Tulipakia pamba Ngulyati, tukawa tunaelekea ng'ambo ya Maswa, kule reli inakokata barabara. Mbele tulikaa watatu: Masanja, mimi, na baba mkwe wangu, Mzee Nkwabi, mtu wa maneno machache.

Geti la pale relini lilikuwa bovu. Chuma chake kilikwama juu, hakishuki hata treni ikija. Madereva walishazoea, wengine hawakupunguza hata mwendo. Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea.

Tulipokaribia, mzee akasema, "Simama. Zima na injini."

"Baba, wenzangu wote wanapita tu."

"Hao wenzako watakuja kukuzika, kisha watarudi makwao. Zima."

Masanja akazima, uso umemkunjika. Hata mimi nilimwona mzee anatuchelewesha bure. Nyuma yetu pikapu ikapiga honi, ikatupita, ikapanda reli. Injini yake ikazimikia palepale katikati. Na kwa kuwa yetu ilikuwa kimya, tukaisikia treni.

Masanja aliruka chini akakimbia. Dereva yule alikuwa bado anahangaika na ufunguo. Masanja akafungua mlango, akamvuta mkono, wakaanguka wote kwenye kokoto. Treni ikaizoa pikapu, ikaikokota mbali. Nilifumba macho, nilipofumbua, nikamwona mume wangu anajipangusa vumbi. Nikalia.

Mzee alimpelekea yule dereva maji, wala hakumkemea. Alimgeukia mwanawe tu: "Ng'wanawane, mwanangu, chuma kimeharibika. Wewe usiharibike nacho."

Mwanangu, siku hizi mna pikipiki na magari yenye mbio kuliko lori letu. Ukifika relini, simama, hata taa zikiwa zimezima, hata geti likiwa juu. Punguza muziki, tazama kulia na kushoto, sikiliza. Ukilikuta limeshuka, usilizunguke kwa kudhani limekwama. Ukiona ni bovu, toa taarifa, usingoje mwingine aseme. Na ukiwa abiria, mdomo unao: mwambie dereva asimame, akinuna anune. Kawia ufike.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akurudishe mzima, na wanao wakimbilie mlangoni kukupokea mzigo.