Mkalimani wa Mamzeli

Kifaransa changu nilikipata kwenye viuno vya mabibi wa Kizungu. Baba alikuwa fundi cherehani mjini Gisenyi, na kwa kuwa mwanamume hapimi kiuno cha mke wa mtu, kazi ya kupima ilikuwa yangu. Bibi akifoka kwamba mshono ni mbovu, nilimwambia baba kwamba anaomba urekebishwe kidogo. Baba akisema bibi amenenepa, mimi nilimwambia bibi kwamba kitambaa kimerudi kwa kufuliwa. Wateja hawakukatika, na mimi nikajiona mkalimani hodari.

Ndiyo sababu nilichukuliwa kuwa mkalimani hospitali nikiwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya hamsini. Alikuwa amefika binti Mbelgiji anayesomea saikolojia. Shahada ya kwanza alikuwa nayo. Sasa alikuwa kwenye masomo ya juu zaidi, na hakuruhusiwa kumtibu mtu kwa jina lake mwenyewe kabla hajafanya mazoezi chini ya daktari mzee aliyekuwa mwalimu wake. Tulimwita Mamzeli. Nilitarajia sindano, labda na mashine. Alikuja na daftari.

Kilichoniacha kinywa wazi ni siku za Jumamosi. Mamzeli, mtu mwenye shahada yake, alikaa mbele ya yule mzee akisoma kila neno alilozungumza na wagonjwa wiki nzima, na mzee akamfumua kama baba alivyofumua mshono wa mwanafunzi. Hapa kwa nini uliongea? Hapa ulikuwa unaogopa nini? Masikio ya Mamzeli yaliwaka mekundu, lakini hakujitetea hata mara moja. Mimi nikikosolewa pindo tu la gauni, nilikuwa sisemi na mtu siku mbili. Nilimtazama yule binti na kumheshimu hadi nikamwogopa.

Mgonjwa wetu alikuwa mke wa mvuvi wa Nyamyumba. Alijifungua mapacha, na mmoja akafariki siku ya tisa. Tangu hapo hakulia wala hakusema, na alikataa kumgusa yule aliyebaki. Wauguzi walimnywesha mtoto maziwa kwa kijiko, naye alizidi kukonda. Daktari mzee alikuwa amesema wazi kwamba hali isipobadilika, mama atapelekwa mbali kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, na mtoto atabaki kwa watawa. Wanawake wa wodini walikwisha kata shauri kwamba anamchukia mwanawe. Nami niliwaamini.

Asubuhi nne mfululizo Mamzeli alikaa karibu na kitanda, kimya, saa nzima. Sijaona mtu akifanya kazi kwa bidii vile bila kunyanyua mkono. Siku ya tano yule mama akasema, macho ukutani:

"Dada, mumuondoe huyu mutoto hapa. Mi nikimushika, atakufa."

Mamzeli alinigeukia. Nikamwambia kwamba mama anamsalimu, na anasema amechoka.

Sikukusudia ubaya. Nilimwonea aibu yule mama, na neno kama lile nililiona litamfukuzisha siku hiyo hiyo. Ulimi ulikwenda wenyewe, kama dukani.

Jumamosi Mamzeli alisoma salamu zile kutoka daftarini. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, nikasikia mzee akisema kwamba basi hakuna maendeleo, na nikamwona akivuta karatasi ya kumhamisha mgonjwa. Nilisimama nikasema yote, neno nililolisikia na neno nililolitoa, nikijua kazi imeisha.

Mzee hakunitazama. Alimtazama Mamzeli.

"Kosa ni langu," Mamzeli alisema. "Nilisikia kwamba maneno ya mama hayakufanana na salamu. Nilifurahi kwamba amesema chochote, nikaogopa kuuliza."

Mzee alirudisha karatasi mezani na kumpa wiki moja. Nje, nikingoja kufukuzwa, Mamzeli aliniomba jambo moja tu: kuanzia sasa mama akisema "mimi", na mimi niseme "mimi", na nisiongeze sukari.

Jumatatu aliuliza kwa nini mtoto atakufa. Mama akaniangalia mimi, si yeye.

"Kule nilikoolewa, pacha akikufa hawamulilie. Ukimulilia, anarudi kuchukua mwenzake. Na mi nimejaa machozi, dada, mpaka mu maziwa. Nitamunyonyesha namna gani?"

"Mimi nimejaa machozi, mpaka ndani ya maziwa," nilisema kwa Kifaransa, mimi ambaye sikuwa nimezaa wala kuzika. Wodi nzima tulimhukumu kwamba anamchukia mtoto, kumbe wiki zote zile alikuwa akimkinga na mwili wake mwenyewe. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilidhani Mamzeli atacheka, au atatoa somo, maana alikuwa amesoma vya kutosha. Akauliza ni nani anayeruhusiwa kulia.

Mama yake mzazi, mgonjwa alijibu. Yeye si wa ukoo wa mume, mwiko ule haumhusu, anaweza kulia badala yake. Ila wakwe hawakumwita.

Alitumiwa ujumbe, na Jumatano akafika kwa miguu kutoka Nyakiriba. Alisalimia kila kitanda, akaketi sakafuni kando ya binti yake, akamuuliza yule pacha aliyefariki amezikwa wapi. Alipojibiwa, alianza kumlilia mjukuu wake kwa sauti, bila haya. Wodi ikasimama. Binti hakutoa chozi. Alimtazama mama yake mdomoni, asipepese. Mamzeli alikuwa ameacha kuandika, na macho yake yalikuwa kwenye kitanda cha mtoto kule mwisho wa wodi. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa na hakika yoyote. Mtoto akifa wiki ile, kifo kingekuwa juu yake, na hakuna darasa lililokuwa limemwahidi kwamba hatakufa.

Yule bibi alipomaliza, alijifuta uso kwa kitenge chake. Mabega ya binti yalishuka.

"Muniletee mutoto," alisema.

Nilifungua kinywa nitafsiri. Mamzeli hakuwa tena kitini. Alikuwa anakuja na mtoto mikononi, akitembea taratibu sana kati ya vitanda, na mama alikuwa ameshaanza kufungua vifungo.