Kumi ya Kwa Jirani

Watu walimwita Fundi Pazia, na nusu ya madirisha ya mji ule yalikuwa yamevaa kazi yake. Mkono wake haukutetemeka hata mteja akimsimamia kichwani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kulenga shabaha. Kila mwezi alifunga duka, akabeba bunduki yake ndefu ndani ya mfuko aliouunga kwa mabaki ya pazia la maua, akaenda uwanjani kulala kifudifudi na kutoboa karatasi iliyosimamishwa mbali huko, kama mtaa wa pili.

Mkewe ndiye aliyekaa nyuma yake na darubini na kalamu. Kwanza aliandika fundi mwenyewe anahisi risasi imetua wapi, kisha akachungulia na kuandika imetua wapi kweli na alama zake, kumi ikiwa ya katikati kabisa, na upepo ulivumaje. Mlengaji asiyejua risasi yake imeelekea wapi, fundi alipenda kusema, ni sawa na mshonaji anayekata kitambaa macho yamefumbwa.

Asubuhi ya mashindano makubwa ya mwaka, mkewe akaamka shavu limevimba kwa jino.

"Utakwenda na mama," akasema, akishikilia shavu.

"Mama yupi?" fundi akauliza, kana kwamba nyumbani mle walikuwamo wengi.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu. Maisha yake yote ya kazi aliandika hali za wagonjwa kwenye karatasi za miguuni pa vitanda, na jicho lake halikupitwa na kitu. Fundi alimstahi mno; mbele yake hata kupiga mwayo aliomba radhi. Leo alale kifudifudi, miguu imepanuka, mkwe yuko nyuma yake na darubini!

"Mama, utaniwia radhi kwa ulalaji huu," akasema walipofika.

"Lala tu, baba. Nimeona wanaume waliolala vibaya zaidi."

Fundi akafyatua ya kwanza. "Nahisi imekwenda kushoto kidogo, Mama."

Mama mkwe akaandika, akachungulia, akaandika tena. Fundi akageuza shingo kusoma: *Alihisi kushoto. Ni kushoto kweli. Nane. Alihema. Soksi ya kulia imetoboka.*

"Mama, soksi haiingii humo."

"Hali ya mgonjwa huandikwa yote. Geuka mbele."

Akageuka. Na kwa kuwa alijua hata pumzi yake inaandikwa, akaanza kuhema kwa adabu. Zikaja tisa, zikaja kumi. Kulia kwake alilala muuza miwani, bingwa wa mwaka uliopita, mtu mkavu asiyecheka ovyo. Fundi akaanza kuliona kombe.

Ikabaki risasi ya mwisho. Upepo ukageuka, fundi akainua kichwa kutazama bendera, akarudi kwenye bunduki, akafyatua.

"Katikati kabisa, Mama! Hiyo naapa."

Kalamu ikaandika. Kisha akachungulia, akachungulia tena.

"Mama?"

"Natafuta, baba. Kwako haipo." Darubini ikasogea pole pole upande wa kulia. "Nimeiona. Iko kwa jirani. Katikati kabisa, kama ulivyosema."

Fundi akahisi masikio yanawaka. Huko mbele mwamuzi alikuwa tayari anakuna kichwa mbele ya karatasi ya muuza miwani. "Hapa kuna tundu moja la ziada!" akapaza sauti. "Lisipopata mwenyewe, nalifuta lililo zuri kuliko yote!"

 Mama mkwe akamtazama tu mkwewe, kalamu imesimama hewani.

Fundi akainuka, akajipangusa magoti. "Ni langu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Muuza miwani akashusha pumzi. "Afadhali," akasema. "Nilidhani nimeanza kufyatua bila kujijua."

Risasi ya kwa jirani haihesabiwi. Fundi akaporomoka kutoka juu hadi karibu na mkia, na muuza miwani akabeba kombe lake tena.

Njiani kurudi, fundi aliendesha gari uso umemshuka. Akasikia kitu kama kikohozi. Kumbe mama mkwe anacheka, amejiziba mdomo kwa kitambaa, mabega yanaruka. Fundi hakuwahi kumwona akicheka namna ile. Akajikaza, akashindwa; ikabidi asimamishe gari pembeni wacheke hadi machozi.

Mkewe aliwapokea mlangoni. "Amepata ngapi ya mwisho?"

"Kumi," akajibu mama yake. "Ila anwani ilikosewa."

Mkewe akacheka, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

Mwezi uliofuata jino lilishang'olewa, na mkewe akatangaza yuko tayari kurudi uwanjani. Mama yake akamkataza: kidonda cha jino hakitaki upepo. Anapumzishwa mpaka leo.